Pamba Mwitu Ndiyo Pekee Iliyobaki Kijani

Kituo cha Utafiti wa Pamba,
Nyumba za Wafanyakazi.
14 Machi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua kimekuachia? Sisi huku tu wazima wa mwili, ila moyo wangu umekaa juu juu.

Ulizoea kunitania kwamba nalipwa kwa kuozesha maua. Ndiyo kazi yenyewe: nachukua unga wa ua la pamba mwitu, naupaka kwenye ua la pamba yetu, nalifunga kwa uzi. Pamba mwitu ni kichaka tu, nyuzi zake fupi na za kahawia. Mnunuzi mmoja alizishika akauliza, "Hii pamba au manyoya ya panya?" Tulicheka sana.

Sasa hacheki mtu. Mnyauko umeingia mashamba ya kituo. Asubuhi mche umesimama, adhuhuri majani yamelegea, kesho yake umekauka. Aina zetu zote tulizojivunia ziko chini. Pamba mwitu imebaki kijani, kana kwamba haijasikia habari.

Watoto wake tuliowapata kwa kuichanganya na pamba yetu wengi ni tasa. Wachache wanaozaa wanauhimili ugonjwa, lakini nyuzi zao hazisokoteki. Mtaalamu wetu, tunayemwita Bwana Miwani, anasema inabidi tuwachanganye tena na pamba yetu, kizazi baada ya kizazi. Hiyo ni kazi ya miaka. Nilimwuliza, "Na ugonjwa utatusubiri?" Akavua miwani, akaanza kuifuta.

Jumamosi nilikwenda kwa baba. Pamba yake imestawi, naye alinitangulia akitembea kama bwana harusi. Upande wa bondeni nikaona majani ya njano.

"Jua tu hilo," akasema.

Nikang'oa mche, nikapasua shina kwa kisu. Ndani mlikuwa na mstari wa kahawia, kutoka mzizini hadi juu. Baba aliutazama, akaketi pale pale kwenye tuta. Kisha tuling'oa upande wote ule, tukauchoma.

Moto ukiwaka ndipo aliponiambia kwamba gunia la mbegu alilokutumia lilitoka upande huo huo, mavuno ya msimu uliopita.

Kaka, ugonjwa huu husafiri ndani ya mbegu, na ukishaingia ardhini hauondoki. Usizipande. Usimpe jirani hata konzi moja. Zichome pamoja na gunia lake. Simu yako haipatikani tangu juma lililopita, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa lori. Najua huko mvua zimeanza. Kama umekwisha kupanda, ng'oa mche mmoja, upasue, unijibu kwa dereva huyo huyo.

Mama anamsalimu wifi na wajukuu zake. Baba anakusalimu pia. Alishika kalamu akuandikie mwenyewe, akairudisha mezani.

Mungu aifikishe barua hii kabla mkono wako haujafungua gunia.

Mdogo wako akupendaye daima,
Chiriku