Mboga Alizonifungia Mami

Alhamisi jioni, Meru. Manyunyu tangu mchana, nguo za mtoto hazijakauka, nami roho juu.

Makena amelala. Ni mapema kwake, na kwa sababu ni mapema nimeenda kumwangalia mara sijui ngapi. Namwekea mkono kifuani, anakunja uso, anaendelea kulala. Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kukaa nasi anisaidie na mtoto, ameniambia nikimwamsha nitambembeleza mwenyewe.

Wacha nianzie mwanzo.

Tangu Makena aanze kula, mimi si mtu wa kawaida tena. Nimesoma kwenye simu habari za dawa za shambani kuliko inavyomfaa mtu mwenye wasiwasi. Sokoni Gakoromone wameshanijua. Nageuza kila jani la spinachi, nanusa nyanya, natafuta ule unga mweupe karibu na kikonyo. Wiki jana muuzaji mmoja alichoka nami.

"Madam, si uangalie vile imekulwa na wadudu? Hii haina dawa, ni ya shamba."

"Shamba gani?"

"Shamba tu. Kwani zingine hutoka wapi?"

Niliondoka na malenge peke yake, kwani angalau malenge lina ganda. Mume wangu Murithi alicheka karibu aanguke. Yeye ambaye hufungua miraa kutoka kwenye majani ya mgomba na kutafuna papo hapo, bila hata kuipangusa!

Ndiyo maana Jumapili nilienda kwetu Siakago. Nilisema naenda kumsalimia Mami. Ukweli ni kwamba nilienda kutafuta mboga.

Mami analima mahali pawili. Kuna kijishamba nyuma ya jikoni, kinachonyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Hicho ni cha kula nyumbani na hakijawahi kuona dawa. Halafu kuna mistari ya kule chini mtoni, ambayo hunyweshwa kwa pampu. Hiyo ni ya kuuza, na huko dawa hupigwa. Karibu kila mkulima ninayemjua kule kwetu hufanya hivyo, na hakuna anayeona kuna jambo la kuficha. Nami sikuwahi kuona.

Nilipokuwa nikiaga, Mami alichukua gunia akatoka. Nilikuwa nikimnyonyesha Makena, sikuangalia alikoelekea. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na haikunijia hata kidogo kumuuliza mamangu mzazi mboga amezikata upande gani. Wewe ungemuuliza wako?

Alirudi na spinachi ya kupendeza, majani mapana, mazima, yanayong'aa. Mama mkwe alipofungua gunia hapa nyumbani alisema, "Mama yako anajua shamba." Nilijisikia vizuri mpaka nikaimba nikiosha vyombo.

Tangu siku hiyo Makena amekuwa akila spinachi hiyo, nimeiponda pamoja na viazi. Za sokoni huwa naloweka kwa maji ya chumvi, nasuuza, nasuuza tena. Hii ya Mami nilisuuza mara moja tu.

Mara moja!

Leo mchana nikampigia simu. Mimi na Mami huongea Kimbeere, lakini tulichosema ni hiki.

"Mami, ile spinachi imeisha. Nitumie ingine ya nyuma ya jikoni."

Akacheka. "Ya nyuma ya jikoni? Ile imetobolewa na wadudu ikawa kama chujio? Sikukupa hiyo. Nilikukatia ya mtoni."

"Ya mtoni? Kwa nini, Mami?"

"Si mama mkwe wako yuko hapo? Afungue gunia atoe majani ya mashimo, aseme umetoka kwa watu gani? Mtoto wangu akienda kwa wenyewe namfungia kitu kizuri."

Nikamuuliza ilipigwa dawa lini. "Ijumaa," akasema. Alinikatia Jumapili, siku mbili tu baadaye, dawa ingali kwenye majani.

Nilikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Nikamwambia ni Makena aliyeila. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka sana. Kwake mimi sasa ni mgeni wa kuheshimiwa, na heshima hiyo ndiyo niliyomlisha mtoto wangu kwa kijiko.

"Weka simu karibu naye," Mami akasema. "Nataka kumsikia."

Nikaiweka. Makena aliishika akaanza kuilamba, akipiga zile kelele zake. Niliporudisha simu sikioni, Mami alikuwa analia.

Nesi wa kliniki ameniambia nimwangalie kama atatapika, kuharisha au kulegea, na nikiona lolote nimpeleke bila kungoja. Mpaka sasa hana lolote. Amecheka, amenyonya, amemwaga maji ya kuoga sakafu nzima. Kulala mapema ndiko kunakonimaliza. Mama mkwe anasema ni kwa sababu hakulala mchana. Huenda ni kweli. Nataka iwe kweli.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo sijamwambia mtu hapa nyumbani.

Kabla hatujaagana Mami aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Ile iliyobaki mtoni tumeipiga dawa tena jana. Broka anakuja kesho aipeleke Gakoromone. Nimwambie aiache?"

Gakoromone. Kumbe miezi hii yote nageuza majani pale nikimtafuta mtu mbaya aliyeyapiga dawa, na huenda mengine yametoka mkononi mwa Mami. Mistari ile ndiyo iliyonisomesha. Nikimwambia asiuze, broka atatafuta mkulima mwingine, na si rahisi arudi. Nikimwambia auze, kesho mama mwingine atasimama pale na mtoto mgongoni, ayapende majani mapana, ayabebe nyumbani.

Nilimwambia tutaongea asubuhi.

Akasema sawa. Lakini broka hufika kabla ya jua kuchomoza. Mami anajua hivyo, na mimi najua, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa akifunga magunia. Nilisema asubuhi ili asubuhi iamue badala yangu.

Mvua imeacha kunyesha. Makena amegeuka upande, anapumua vizuri, nimemsikiliza. Mami hajalala bado, na simu iko hapa karibu na kiwiko changu.

Nimeanza kuona kwamba naandika haya yote ili nisimpigie. Wacha niache kuandika.