Nilichomfundisha Meneja

Alhamisi, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Malori ya pamba yanapita barabarani bila kupumzika, na uzio wangu wa michongoma umeshika vipande vyeupe kila mahali. Siku nyingine ningesema panapendeza. Leo sina moyo huo.

Nimenyamaza siku nne juu ya jambo ninalolijua, na kunyamaza kwangu kunamharibia mtu.

Niandike tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bariadi, mjane, mama wa mtoto mmoja. Mwanangu Maduhu anafanya kazi Mwanza. Mwaka jana wezi waliruka uzio wakabeba pampu ya maji na kuku wangu wote, ndipo Maduhu akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni. Mama yake ni wa wale mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi. Baba hajulikani, ila kwa ukubwa wa nyayo za yule mtoto, huyo baba hakuwa mtu mdogo. Siku ya pili tu alipanda kwenye kiti ninachokalia kusahihisha madaftari, akalala, akakataa kushuka. Nikamwita Meneja.

Kila nikirudi kutoka shule nilikuwa natua mkoba getini, napiga magoti yote mawili kwenye mchanga, nafungua mikono. Yeye anakuja mbio masikio yakimpigapiga, ananirukia kifuani, ananilamba kidevu mpaka nacheka. Naandika haya nikiona aibu, lakini ni kweli: tangu baba Maduhu afariki, hapakuwa na kiumbe aliyefurahi namna ile kuniona nikirudi nyumbani.

Sasa Meneja ana miezi kumi na moja, na mimi simwezi.

Amevuta shuka kwenye kamba akalichana katikati. Amefukua tuta zima la mchicha. Amekula kandambili tatu, zote za mguu wa kushoto, sijui kwa nini. Nikimfunga kamba ili nimtoe matembezi, ni yeye anayenitoa mimi. Juzi kanikokota mpaka kwenye kibanda cha fundi baiskeli, na fundi akaniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu. Majirani wakanishauri nimfuge wanavyofuga wao, yaani nimfunge mnyororo mchana kutwa asizoee watu, nimfungulie giza likiingia, ndipo atakuwa mlinzi wa kweli. Nimefanya hivyo tangu Pasaka. Hajawa mlinzi. Amekuwa kiumbe anayeweka nguvu za siku nzima, halafu ukimfungua anazitumia zote kwa dakika moja.

Nimefundisha kidato cha pili miaka kumi na tisa. Nilipaswa kumtambua barobaro nikimwona.

Jumapili Maduhu alimleta Neema. Huyu ni msichana wa Kiloleli ambaye Maduhu anataka kumwoa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kutusalimia. Shemeji yangu Sitta, kaka wa marehemu mume wangu, alitoka Sapiwi kuja kumpokea, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa familia sasa. Mpango ulikuwa kwamba mambo yakienda vizuri, Jumamosi hii, yaani keshokutwa, shemeji na wazee wenzake waende Kiloleli kuzungumza na wazazi wa Neema.

Mimi ndiye niliyemfungua Meneja. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilitaka Maduhu amkute mbwa aliyemleta, si mfungwa aliye kwenye mnyororo. Nikawa nimemshika mkanda wa shingoni kwa mkono mmoja, najisikia mtu.

Neema akaingia na gauni lake la kitenge. Alipofika hatua tatu kutoka kwenye viti vyetu akapiga magoti, yote mawili, kichwa ameinamisha, kama binti aliyelelewa na watu. "Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma.

Mkanda ulinichomoka mkononi.

Meneja alimwendea kama anavyoniendea mimi, na uzito wake wote. Alimpiga kifua kwa kifua, Neema akaenda chali, kichwa kikagonga ukingo wa ngazi ya baraza. Damu ikashuka hadi shingoni. Wakati Maduhu anafika kumpiga mbwa teke, Meneja alikuwa anamlamba Neema kidevu huku mkia unatikisika. Hakuuma. Hospitali walimshona nyuzi mbili kisogoni na kumsafisha mikwaruzo ya kucha.

Mimi nilijua palepale. Hata kabla hajafika chini nilikuwa nimeshajua.

Tuliporudi nyumbani nikatandika mkeka, nikaleta chai. Maduhu akawa anasema huyo mbwa ana kichaa, auawe. Shemeji akamnyamazisha. Akaniambia, "Mama Maduhu, sisi tuliokulia kwenye mifugo huwa tunaangalia. Mimi nimeingia hapa na fimbo, hakunigusa. Jirani yako kapita na ndoo, hakumgusa. Kamchagua huyu binti peke yake. Mnyama huyu ameona kitu."

Alisema hivyo Neema akiwa amekaa pale pale, bandeji kichwani, kikombe cha chai hajakigusa. Kisha akasema safari ya Kiloleli isimame kwanza, aulize habari za ukoo wa yule binti.

Na mimi nikasema, "Mbwa huyu sijui amekuwaje."

Nilijua amekuwaje. Meneja amefundishwa na mimi, jioni baada ya jioni, kwamba mwanamke akipiga magoti mbele yake anataka arukiwe. Shemeji hakupiga magoti. Jirani hakupiga magoti. Watoto wa kike waliozoea kunisalimia kwa magoti walishaacha kuja tangu mbwa awe mkubwa. Neema alikuwa wa kwanza kufanya adabu mbele ya Meneja, na adabu yake ndiyo iliyomponza.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya neno lenyewe. Hapa kwetu magoti ni ya wazee, ni ya wakwe, ni ya Mungu. Ningesemaje mbele ya shemeji, ambaye mimi mwenyewe nampigia magoti nikimsalimia, kwamba heshima hiyo hiyo nimekuwa nikimpa mbwa getini? Mwalimu mzima, na nywele zinaanza kuwa na mvi. Niliona habari itakavyotembea sokoni. Nikanywa chai.

Jumatatu Maduhu alirudi Mwanza bila kuniaga vizuri, Neema akarudi kwao.

Jumanne alikuja afisa mifugo wa kata kwa pikipiki yake, nilimwita mwenyewe aangalie kama kweli ni kichaa. Akaangalia kadi ya chanjo, akamwangalia Meneja macho na mdomo, akamfungua mnyororo, kisha akaniomba nimwonyeshe jinsi mbwa anavyonipokea. Nilizungukazunguka kwanza. Mwishowe nikapiga magoti, na Meneja nusura anichanie kola. Yule afisa alicheka mpaka akashikilia kiti cha pikipiki.

"Mwalimu, huyu si mkali wala hana kichaa," akasema. "Ni kijana tu. Ulimfundisha na akafaulu. Sasa mfundishe kingine."

Akanielekeza. Mnyororo upunguzwe, mbwa wa mwili ule akifungwa kutwa lazima alipuke. Asubuhi nimtembeze mpaka ulimi utoke nje. Kisha nipige magoti kama kawaida, na miguu yake ya mbele ikiacha ardhi tu, nisimame, nimpe mgongo, nisiseme neno. Akikaa chini, nimpe dagaa mmoja, nimshushie chini asije akarukia mkono. Nisimpige wala nisipige kelele, maana kwake kelele ni mchezo. Na akasema nisitegemee siku mbili, itachukua wiki nyingi, na nikilegea siku moja atanirudisha nyuma siku tatu.

Jana tulianza. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani nakokotwa, jioni nikawa uwanjani napiga magoti na kusimama, napiga magoti na kusimama. Mara ishirini hivi, na kila mara nilikutana na kifua chake. Magoti yamevimba. Yeye alidhani ndiyo sikukuu imefika.

Leo kulikuwa na tofauti. Nilipiga magoti, akaja mbio, akasimama mbele yangu, akafikiri. Unamwona kabisa anafikiri. Akakaa. Mwili wote ulikuwa unatetemeka na makalio hayakugusa chini sawasawa, lakini alikaa. Nikampa dagaa. Akarudia mara nne mfululizo. Mara ya tano mama Kulwa wa jirani akachungulia juu ya uzio, Meneja akasahau kila kitu akanirukia, tukaanguka wote.

"Mwalimu," mama Kulwa akauliza, "unamsalimia?"

Nikiwa chini mavumbini nikajibu, "Ndiyo, namsalimia."

Akacheka, akasema mimi ni kituko, akarudi kwenye maharage yake. Basi. Lile nililoliogopa siku nne lilikwisha kabla sijajipangusa vumbi. Nikabaki nimekaa chini nikijiuliza kwa nini nilimwachia binti wa watu abebe jambo dogo namna hii. Nikachukua simu.

Shemeji alikuwa kisimani na ng'ombe. Nilimwambia yote, na neno la magoti nikalitaja. Akaniuliza:

"Tangu Jumapili ulijua?"

"Nilijua, shemeji."

"Ukaniacha niulize habari za watoto wa watu mpaka kule Nassa."

Yeye akasema safari ya Jumamosi ipo, ila neno hili yeye hawezi kunibebea, nitakwenda nalo mwenyewe. Wanawake huwa hatuendi kwenye safari hizo. Nikasema nitakwenda.

Halafu nikampigia Neema. Alipokea haraka, akaniamkia, akaniuliza kama Meneja ameshauawa. Nikasema hapana. Akasema, "Afadhali." Nikamweleza mambo ya getini, tangu Meneja akiwa mtoto mpaka mkanda uliponichomoka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mama, mbwa sikumwogopa," akasema. "Kwetu tunafuga. Nilikuwa pale kwenye mkeka nangoja useme neno moja tu. Hunitaki? Si ungeniambia mwenyewe."

Nikasema hapana, mwanangu, si hivyo hata kidogo, nilikuwa naona aibu. Nilisema haraka, kwa sauti ya juu, kama wanafunzi wangu wanaposhikwa. Akaniambia habari za ukoo wao kuulizwaulizwa zimeshafika kwa baba yake, na baba amesema labda tusubiri. Akanishukuru kwa kupiga. Akanitakia jioni njema.

Nimekaa na maneno yake mpaka sasa. Meneja amelala kwenye miguu yangu, amechoka, ananuka dagaa.

Aibu ilikuwepo, sijadanganya. Lakini shemeji aliposema mnyama ameona kitu, kabla aibu haijafika, kuna kitu ndani yangu kilishusha pumzi. Kidogo tu, sekunde moja. Maduhu ni mmoja. Ananipigia simu kila Jumapili, na mwaka huu ameruka Jumapili nyingi. Sikumchukia Neema. Nilitaka tu jambo lolote liahirishe posa hiyo, na Meneja akaniletea.

Jumamosi nitakwenda Kiloleli. Nitasimama mbele ya baba yake niseme kosa ni langu, niseme mpaka na mambo ya dagaa wacheke wakitaka. Hiyo sehemu naiweza.

Ila Neema aliuliza swali, na bado sijalijibu. Nikifika pale akaniuliza tena uso kwa uso, nitasema ile aibu tu, au nitasema na ile pumzi?