Baba Wilbrod, Uliyekataa Kuyanyunyizia Mapanga Maji ya Baraka

Evance, jirani yetu hapa Mkuza, anasema siku ile ulijifungia sakristia kwa woga. Mwaka umetimia tangu utuache, baba, na maneno hayo anayasema bado, tena kwenye sala za jumuiya, mama akiwa amekaa pale pale.

Mimi nilikuwepo, nafagia kanisa la kigango. Mlango ulifungwa, ni kweli. Lakini wewe ulikuwa nje, ufunguo mkononi, na mbele yako Evance na vijana wenye mapanga. Walikuwa wanakwenda Kisarawe kumpiga Mzee Mwinyijuma kwa ajili ya mpaka wake na shamba la kanisa lililo huko. Walitaka kwanza wewe katekista uyanyunyizie mapanga maji ya baraka.

"Mwalimu, Mungu wetu ni Mungu wa majeshi!" Evance akapaza sauti.

"Mimi jeshini nimekaa, mwanangu. Kagera nilizika maiti ya adui, shingoni ana rozari kama yangu. Wewe vita umeviona wapi? Kwenye simu?"

Vijana wakacheka, wakaondoka mmoja mmoja. Shujaa wetu akabaki na panga jipya, karatasi ya dukani haijabanduka. Mtu ambaye akimwona mbwa wa jirani Mama Jenifa huzunguka hadi barabara kuu, eti ndiye wa kumpigania Mungu!

Kesho yake ulipanda basi kituo cha Kwa Mathias ukaenda Kisarawe. Wewe na Mzee Mwinyijuma mkapima mpaka kwa kamba. Waliovuka mpaka ni sisi, kwa hatua sita. Ukamwomba radhi, mkala mihogo. Siku tunakuzika, mzee huyo alifika kabla ya jumuiya, akashika koleo. Evance alifika chakula kilipoiva.

Tunakumbuka ulivyowafundisha watoto ishara ya msalaba huku unaziba pancha za baiskeli, vipaji vya nyuso zao vikibaki na grisi. Kwaya ikiimba nyimbo za kuponda maadui, ulikuwa unakohoa hadi wamalize.

Unakumbukwa na mkeo Benedikta, wanao Adrian na mimi Yasinta, wajukuu, na Mzee Mwinyijuma na nyumba yake yote. Hatutakusahau, baba, hata siku moja.

Na wewe Evance, tumekuomba mara mbili uyafute maneno yako. Mara ya pili mama alikuja kwako mwenyewe, ukampa chai, ukaongea habari za mvua. Tunakuomba tena, hapa watu wanaposoma: Jumamosi jumuiya inasali kwetu. Utasimama useme ulichokiona?