Restuta, Mfamasia wa Wazee Wetu

Mwaka umezunguka, Restuta, Mama Mariana, tangu tulipokupeleka makaburini ukiwa na gauni lako la bluu. Tulidhani tukifika hapa tutakuwa tumezoea. Hatujazoea. Tumechoka tu.

Tunaanza na kazi yako, kwa sababu ndiyo iliyokuchukua mchana kutwa pale kwenye duka lako la dawa Mlabani, hapa Ifakara, na ndiyo watu wanayotuulizia hadi leo. Wengine walikuja kwako wakataja dawa, wakapewa, wakaondoka. Wazee hawakuondoka hivyo. Uliwakaribisha kwenye benchi, ukawaamkia, ukasubiri wapumue, halafu ukasema, "Baba, nitolee vyote unavyokunywa." Wakitoa vya hospitali, uliuliza vya dukani. Wakitoa vya dukani, uliuliza alivyowapa jirani, na mizizi wanayochemsha nyumbani. Wapo waliokuona msumbufu. Wapo waliokwenda maduka mengine ambako hawaulizwi.

Mzee Ngusa wa Mchombe alikuwa mmoja wao. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa kuinama kwenye majaruba ya mpunga tangu ujana, na usiku hapati usingizi. Alikuja akakwambia, "Mwanangu, nipe zile kali. Hizi za siku zote hazinifikii." Ulipoangalia mfuko wake ukakuta diklofenaki, vidonge vya maumivu, za aina mbili, zenye majina tofauti na rangi tofauti. Mwenyewe alidhani ni dawa mbili. Pembeni kulikuwa na vidonge vyake vya presha.

"Baba, hizi ni dawa moja," ulimwambia. "Unakunywa maradufu. Kwa umri wako, na hii presha, zitakutoboa tumbo na kukuharibia figo. Siwezi kukuongezea."

"Kwa hiyo nikalale na maumivu?"

"Hapana. Twende wote kwa daktari, tupange upya."

Alikasirika. Alisema wewe una mgongo mzima ndiyo maana unaongea, akapanda bodaboda akaondoka. Jioni ile ulirudi nyumbani, ukakaa kwenye kigoda uani bila kuvua viatu. Vitus, mumeo, alikuuliza kulikoni. "Watu wanadhani kazi yangu ni kutoa vidonge," ulisema. "Kazi yangu ni kuongea, Baba Mariana, na kuongea kunachosha." Kisha ukampigia simu binti yake Mzee Ngusa, ukamweleza dalili za kuangalia.

Haikupita wiki, binti akapiga. Baba yake alikuwa amekwenda duka jingine, akapewa alichotaka. Sasa choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na akisimama anaanguka. Ulimwambia asingoje hata kidogo, atafute gari amlete mjini. Ukafunga duka, ukawasubiri mlangoni hospitalini, ukamweleza daktari kila alichokuwa anakunywa mzee yule. Aliongezewa damu. Kwa siku kadhaa hatukujua kama atapona, na wewe hukula vizuri hadi alipoketi mwenyewe kitandani.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, ile ambayo hakuna aliyeiona. Wewe na daktari mlimpangia panadol kwa saa zake, bila kungoja maumivu yapande, na dawa ya kupaka, na mazoezi ya mgongo ambayo alisema ni ya kitoto. Ulimpigia simu kuuliza kama amelala, kama amepata choo, kama presha imepimwa. Alilalamika kila alipokuja. Maumivu hayakwisha, wala hukumwahidi kwamba yatakwisha. Ulimwambia, "Tunatafuta ulale, na uweze kufika shambani ukaone mpunga wako." Akalala. Akafika shambani. Hakuwahi kukuomba radhi, ila alianza kukuletea na dawa za mkewe uziangalie.

Halafu zamu yako ikafika. Saratani iliyoanzia kwenye titi ikaingia mifupani, na wewe uliyewauliza wengine wanaumwaje ukawa huwezi kugeuka kitandani bila kulia. Hospitali wakakupa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Kaka yako Remigius alipoiona ile chupa akaishika, akakataa kuirudisha mezani.

"Restuta, hii dawa ndiyo inayomaliza watu. Mjomba alipewa hii, akafa."

Hukupandisha sauti. Ulikuwa huna nguvu ya kupandisha. "Kaka, Mjomba aliuawa na ugonjwa. Walichelewa kumpa, ndiyo maana mliiona siku za mwisho tu. Mimi nataka kula na ninyi, nataka kuongea na watoto. Na haya maumivu siwezi. Nirudishie chupa yangu."

 Remigius akampa Mariana.

Ukamfundisha binti yako ukiwa umelala: namna ya kuvuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, namna ya kusoma mstari, asiruke saa yake hata kama umesema huumwi, na asisahau dawa ya kulainisha choo. Alipokosea ulimwambia arudie. Alipopatia ulimwambia, "Haya, mfamasia." Miezi ile ya mwisho ulikaa nasi kweli. Ulikula ugali na perege. Ulibishana na Obed, mdogo wako, kuhusu mpira. Ulimcheka Remigius, naye akacheka. Ulitutoka mchana, umeshikwa mkono, uso wako umelegea kama wa mtu aliyesinzia. Kwa hilo tunakushukuru, na waliokutibu tunawashukuru.

Mama yako, Bibi Eufrasia, hatukukwambia habari zake tulipokutembelea makaburini. Tangu tulipokuzika alikataa dawa zake za magoti. Tulimbembeleza, Padri akambembeleza, Obed akagomba. Alituambia yeye ni mzee, amemzika mtoto, magoti ya nini. Akawa wa kubebwa kwenda uani. Nasi tulikuwa tumechoka mno, ikafika mahali hakuna aliyemsemesha tena juu ya jambo hilo.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku nzima na magoti yakamuuma kweli. Mariana alikuwa anaanua nguo. Bibi akamwita.

"Niletee hizo dawa."

Mariana akazileta na maji. Bibi akazitazama mkononi, hakuzimeza.

"Kaa hapa kwanza," akasema. "Niulize kama mama yako."

Mariana akavuta kiti, akaketi, akaanza kumuuliza.

Unakumbukwa na mumeo Vitus. Mama yako Bibi Eufrasia. Binti yako Mariana. Kaka yako Remigius na mdogo wako Obed. Mawifi, shemeji, majirani wa Mlabani, na wazee wa Ifakara na Mchombe uliowahudumia. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili asubuhi parokiani, na baadaye chakula nyumbani.

Pumzika, Restuta. Tutakukumbuka siku zote, hata zile tunazoamka hatuna nguvu.