Majina Ndani ya Dosie ya Pamoja

Jumatatu, 3 Februari 2025

Patron Kasereka hakuketi leo. Depo yake ya Goma imekwisha tangu vita viingie mji ule: milango imevunjwa, sukari na mafuta vimebebwa, dereva mmoja hajulikani aliko. Alisimama katikati ya ofisi akasema hapa Lubumbashi pia atabaki karani mmoja. Mmoja! Na tuko wawili, mama Brigitte na mimi. Yeye alinitangulia. Ndiye aliyenifundisha kazi.

Hakusema nani atabaki. Kwanza ordinateri, kompyuta zetu, zitawekwa programu mpya, ndipo ataona kila mtu anafanya nini.

Jumanne, 4 Februari

Fundi amefika. Anaitwa Chola, anakaa mtaa wa Hewa Bora, kinywa chake hakichoki mzaha. Ameeleza: programu ya zamani haikujali nani kaandika nini. Hii mpya, ukifungua dosie ya pamoja, faili tunaloandikia sote, kando ya kila karatasi utaona jina la mwandishi. Tukajaribu. Dominique, jina langu. Dominique. Dominique. Hadi chini kabisa.

Nilielewa papo hapo. Umeme ukikatika — na ni siku gani haukatiki saa zote za kazi? — mashine yangu peke yake iko kwenye batri. Mama Brigitte huja kuketi kwenye kiti changu, anaandika barua za wateja wa Kipushi, kule mpakani, na karatasi za safari za malori. Mashine imefunguliwa kwa jina langu. Hatukuwahi kuifunga na kuifungua upya kwa jina lake. Kungekula batri bure.

Chola akauliza:

— Mzee Domi, hii yote njo kazi yako? Kama kuko ya bengine, sema sasa, nitatengeneza majina mbele ya kuhamisha. Kisha pale, itafungwa.

Mama Brigitte alikuwa kwenye depo yetu ya hapa, na madereva.

Nikasema: ni yangu yote. Hamisha.

Jumatano, 5 Februari

Sijamwambia mke wangu, Graciella. Mimba yake ina miezi saba, haifai kumsumbua. Mama Brigitte ana watoto wakubwa. Ana mume pia — kweli, Mumba hana kazi tangu mgodi ulipomwachisha, lakini ni mume. Nimefikiri pande zote.

Alhamisi, 6 Februari

Programu iko tayari. Patron akatuita mbele ya skrini, akateremka polepole na kidole chake.

— Mama Brigitte, jina yako iko wapi? Minatafuta, minaikosa.

— Patron, kazi yangu iko mule! Hii barua ya Kipushi njo miye niliandika. Na wewe ulisaini.

— Nilisaini. Lakini mashine inasema Dominique. Mashine haina ndugu, mama.

Chola akaangua kicheko:

— Kumbe mama alikuwa anakuyaka kazini kupasha kiti moto!

Madereva mlangoni wakacheka hadi wakapigana mabega. Mmoja akamwita “mama Kiti”. Mimi pia nilicheka. Kidogo. Ilitoka yenyewe.

Yeye hakulia. Alirekebisha kitenge chake, akanigeukia.

— Domi, baambie. Si ninaandikaka kwa mashine yako?

Wote wakaniangalia. Nikasema labda programu imechanganya, nitachunguza na Chola. Akanishukuru! Mbele yao wote akasema: “Aksanti, mutoto wangu.”

Programu haijachanganya kitu.

Ijumaa, 7 Februari

Madereva hawamwiti tena kwa jina lake. Mama Kiti, mzigo huu unaenda wapi? Mama Kiti, kiti kimepata moto? Anawajibu kwa upole, anawapa karatasi zao.

Mchana Patron akaniita peke yangu, akafunga mlango. Ninabaki mimi. Yeye anaondoka.

— Lakini asijue sasa. Bateja ba Kipushi, yeye njo anabajua: nani anapokea mzigo wapi, nani wa kuamini ku mpaka. Akufundishe yote. Akimaliza, umutoe mu dosie.

Nikasema ndiyo, Patron. Akanishika bega: “Domi, uko muntu wa haki.”

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Nilinunua samaki mkubwa. Graciella akauliza kuna sikukuu gani.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika hapa ofisini, haraka. Mama Brigitte ametoka nje kunawa mikono.

Tangu asubuhi ameketi kando yangu. Nilimwambia Patron anataka sote wawili tujue kazi yote, na kwamba hiyo ni dalili nzuri. Uso wake ukafunguka. Anafundisha kama zamani — taratibu, anarudia, anaweka kidole kwenye skrini: huyu usimpelekee Jumamosi, anasali, huyu mpigie mke wake, si yeye. Mimi naandika yote. Saa ya kula akanigawia kipande cha bukari, ugali wake, na mboga. Nilikula.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

— Domi, ulisema na Patron? Ju ya majina?

Nikamwambia nimesema. Patron anafikiri.

— Mungu akubariki. Mumba aliniambia: yule mutoto hawezi kukuachilia.

Sasa hivi Chola amechungulia mlangoni. Ameshika mashine yake, jina la mama Brigitte liko wazi, limebaki kubofya tu. Akauliza kwa midomo, bila sauti: nimutoe?

Nikamwonyesha kiganja. Ngoja. Hajamaliza kunieleza wale wa mpakani.

Nasikia kandambili zake. Anarudi, anaimba—