Sahani ya Baba

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kisha nikakaa kidogo, eti nangoja marahaba yako. Mjinga mimi.

Kesi imekwisha. Baba hatanyongwa. Jaji amesema aliua bila kukusudia, amefungwa miaka kumi. Nashukuru, halafu nalia, na sijui namlilia nani.

Siku mbili nzima tulikuwa Tanga, kwenye joto lile, watu wanabishana juu ya jambo moja tu. Ulipomwambia Baba kwamba si mwanamume na unarudi kwenu Bungu, je, alikupiga pale pale, damu ikimchemka, au alipoa kwanza? Kama ni pale pale, jela. Kama alipoa, kamba. Na aliyekuwepo ni mimi peke yangu, maana wadogo zangu, Hemedi na Mwanaidi, walikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Mama, alikula. Wewe unajua. Ulimtukana, akaketi. Ukanikonyeza nimpakulie, kwa sababu hata mkigombana vipi hukuwahi kumnyima chakula. Nikamnawisha. Akala ugali na maharage mpaka akamaliza, na katikati akaomba chumvi. Chumvi, Mama! Nikampa. Akanawa, akajifuta, akatoka kama anayekwenda kuangalia mbuzi. Akarudi na mchi.

Halafu mimi, wewe umelala pale chini, nakuita huitikii, nikaiosha ile sahani ya bati. Mikono ilikwenda yenyewe. “Zaina, usiache vyombo, watu watakuja.” Si ndivyo ulivyonisumbua kila siku ya Mungu? Haya, watu walikuja. Wakakuta sahani iko kichanjani, safi, na hakuna aliyeiulizia.

Kabla hatujashuka Tanga, Baba Mdogo alinifuata mtoni. Hakunitisha. Alisema tu, “Mama yako humrudishi. Unataka na baba umzike?” Nikarudi nyumbani nikawakuta wadogo zangu wananyang’anyana khanga yako, kila mmoja anataka kuinusa. Basi nikaenda. Nikashika Msahafu. Mkalimani akauliza, baada ya matusi baba yako alifanya nini? Nikasema hakuketi hata kidogo, alitoka pale pale akachukua mchi. Baba akainua macho akanitazama, kisha akayainamisha. Alijua nilichofanya.

Mjomba alitaka kamba, na tangu siku ile haitikii salamu yangu. Simlaumu, ulikuwa dada yake. Mahindi ya bondeni yameota vizuri. Juzi niliteleza na mzigo wa kuni pale pale ulipoteleza wewe siku ile, ukakaa kwenye tope ukicheka mpaka machozi. Mimi nilikaa nikashindwa kucheka.

Nisamehe. Niliwaogopea watoto, nikakuacha peke yako mle mahakamani, wakasema umeuawa kwa mdomo wako.

Naahidi hivi, Mama. Siku atakayorudi, nitampikia ugali na maharage na kumpakulia kwenye sahani ile ile. Nitamwacha ashibe. Hemedi na Mwanaidi watakuwa wakubwa, nitawaketisha mbele yake, niwaambie yote niliyomficha jaji, naye yupo anasikia.

Pumzika, Mama yangu. Vyombo nimeosha.

Chumvi siku hiyo sitatia. Nataka aiombe.

Mwanao,
Zaina