Kichefuchefu Nilichokabidhiwa

Nagano, Japani, tarehe 2 Novemba

Mama mkwe mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi, mkweo Dindo, siwezi tena kuvumilia harufu ya wali. Naomba Batangas nzima, huko kwenu Ufilipino, ijulishwe.

Ulipomwambia bintiyo Marivic kwenye simu anivuke nikiwa nimelala ili tabu za mimba zihamie kwangu, hakukueleza hali ilivyokuwa. Alikuwa anatapika hata maji. Daktari alikwisha kutuonya kwamba tungeweza kumpoteza mtoto.

Basi Jumapili mchana nimejilaza, naona mguu unapita juu ya tumbo langu.

"We mwanamke, vipi?"

"Lala, bwana! Nakukabidhi kichefuchefu."

Kesho yake alimaliza bakuli mbili za supu. Sasa kila alasiri tunatembea chini ya miti iliyogeuka myekundu. Yeye anamwokotea mtoto majani, mimi natapika kando. "Pole, mama kijacho," ananiambia, na kucheka mpaka anashika mti. Kinachonikalia tumboni ni viazi vitamu vya kuchoma tu, vya mzee mmoja anayepita mtaani na gari akiviuza. Nakula saba kwa siku.

Jana tulikwenda kliniki. Moyo wa mtoto unadunda kama cherehani, Mama. Marivic alilia. Mimi nilikuwa nafuta miwani.

Asante kwa dawa yako. Imefanya kazi kwetu sote wawili.

Mkweo mwenye mimba,
Dindo

Nyongeza: Daktari alinipima na mimi. Amesema ni viazi.